Vitabu vya Sufuria Tatu

Harufu ya maharage yaliyoungua huwafanya watu wengi wakunje pua. Mimi hunifanya nitamani kusoma. Lawama zote apewe Mwalimu wa Kabati.

Tulimwita hivyo kwa sababu maktaba ya shule yetu ya msingi, pale Mirongo, Mwanza, ilikuwa kabati moja la mbao. Mlango wake mmoja ulifunguka, wa pili uligoma tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mwalimu huyo kwa kamba ya kiatu. Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha Hisabati. Kabati alipewa kama adhabu, baada ya kukosana na Mwalimu Mkuu juu ya jambo ambalo kila mtu alilisimulia kivyake. Mwalimu Mkuu alidhani amemkomesha. Wiki iliyofuata akamkuta amehamishia kiti chake mbele ya kabati, amevua viatu, anasoma, na kengele ya kipindi imeshalia mara mbili.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni namna alivyochagua vitabu, na hilo nalijua kwa sababu mimi ni mmoja wa watu aliowachagulia.

Shule nyingi zinajua la kufanya na mtoto asiyejua kusoma. Anayesoma kupita kiasi ndiye anayewachanganya walimu. Mimi nilikuwa wa aina hiyo, na niseme ukweli, nilikuwa kero. Nikiwa darasa la pili nilimaliza kitabu cha kiada wiki ya kwanza, nikamaliza cha dada yangu wa darasa la tano wiki ya pili, na muda uliobaki nikautumia kuwafunga wenzangu kamba za viatu kwenye miguu ya madawati. Mwalimu wetu wa darasa akapendekeza nirushwe hadi la nne. Mwalimu wa Kabati alikataa kikaoni, na maneno yake yalitufikia kabla ya mapumziko.

"Macho yake yapo darasa la sita," alisema. "Lakini huyu huyu jana amelia kwa sababu andazi la mwenzake lilikuwa kubwa kuliko lake. Nileteeni hapa. Nitamlisha msomaji, na huyo mliaji nitamlisha pia."

Wa aina yetu alituita nzige. Tulikuwa watatu tu shule nzima, na alilitamka neno hilo kwa mahaba ambayo nzige wenyewe hawajawahi kuyapata Usukumani.

Siku ya kwanza sikuulizwa nipo darasa la ngapi wala nimekuwa wa ngapi. Aliniangalia juu ya miwani yake, ambayo mkono wake mmoja ulikuwa waya, akauliza maswali matatu.

"Chakula gani hukipendi?"

"Bamia, Mwalimu."

"Nani amekuudhi wiki hii?"

"Shangazi."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Muongo. Asante. Unaogopa nini?"

"Ng'ombe," nikasema, nikaona aibu, maana ni Msukuma mimi, mtu wa ng'ombe.

Akaingiza mkono kabatini hadi begani, akatoka na kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kilichoandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, chenye picha za rangi ambazo zingemharibia mtu mzima chakula cha mchana. Nilikuwa na miaka minane. Nilikisoma kwa siku nne bila kupumua. Siku ya tano, mezani, mbele ya wageni, niliwaeleza kwamba shangazi anatokwa mate akilala, anachechemea mguu wa kushoto, hamu ya kula imepungua, na kwa hiyo ana ugonjwa wa miguu na midomo na inabidi atengwe na wenzake mpaka mtaalamu afike. Nilichapwa. Lakini sikuwaogopa tena ng'ombe, na leo ni daktari wa mifugo. Shangazi mpaka kesho anasema yule mwalimu ndiye aliyeniharibu.

Sasa nieleze sufuria.

Mwalimu hakumpa nzige kitabu ambacho hakijapimwa, na kipimo chake kilikuwa maharage. Jumamosi asubuhi aliwasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka shuleni, akabandika sufuria ya maharage, akaketi kwenye kigoda na kitabu kipya. Kama alikumbuka kuongeza maji kila yalipopungua, kitabu kilikuwa cha kawaida, kinaweza kwenda kwa yeyote. Kama alisahau, basi kitabu kilikuwa na kitu. Alichora matokeo kwa kalamu ya bluu ndani ya jalada. Sufuria moja: maji yamekauka lakini maharage yanalika. Sufuria mbili: yameshika chini, ni ya kuku. Sufuria tatu: chombo chenyewe kimekwisha, hakisuguliki tena, kitupwe. Vitabu vya sufuria tatu vilikuwa vichache sana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya nzige.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie wali, maana unaiva haraka.

"Wali?" alisema kwa dharau. "Wali unaungua hata ukisoma tangazo la mnada. Maharage yanakupa saa mbili za kujirekebisha. Ukiyaunguza, ujue ulikuwa umechukuliwa mzima mzima."

Mke wake alikuwa mama mpole aliyevumilia mengi, lakini sufuria hakuzivumilia. Alizificha kwa majirani, akawa anaazima zake mwenyewe akitaka kupika. Adui mkubwa wa kipimo kile, hata hivyo, alikuwa binti yao, ambaye sisi wadogo tulimwita Dada. Alitupita kama miaka saba hivi. Dada hakuwa amesoma kitabu hata kimoja nje ya vile vya mtihani, na alisema wazi kwamba hatasoma, kwa sababu vitabu vimekula sufuria za mama yake. Kila Jumamosi alivuta kiti akakaa karibu na jiko, mwiko mkononi, na maji yakishuka tu anaongeza. Chini ya ulinzi wake hakikuungua kitu. Mwalimu akawa anamtuma dukani kununua chumvi ili apate nafasi ya kupima kwa amani. Nyumba ile ilikuwa na chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima.

Kipindi kimoja mama na binti waliungana, nyumba ikakosa sufuria kabisa. Daraja la ziwani lilikuwa halijajengwa bado; mtu akitaka kwenda ng'ambo alipanda kivuko pale Kigongo. Mwalimu aliaga kwamba anakwenda Busisi kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, na kwapani ana kitabu. Akapanda kivuko, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza. Kivuko kikafika Busisi, watu wakashuka, yeye hakushuka. Kikarudi Kigongo, hakushuka. Kilipofika safari ya tatu wafanyakazi walishaamini ni mkaguzi aliyetumwa kimya kimya, wakamletea kiti chenye mgongo na soda baridi. Alirudi nyumbani jioni bila kumwona mgonjwa, ambaye hata hivyo alipona bila msaada wake. Ndani ya jalada la kitabu kile hakuna sufuria. Pameandikwa: "Kivuko. Kwenda na kurudi mara nne." Siku hizi nikipita darajani namkumbuka, maana unafika ng'ambo hujamaliza hata utangulizi.

Alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ni lile swali la mwisho wa kila hadithi: hadithi hii inatufundisha nini? Mwalimu mmoja wa mazoezi aliwahi kutuuliza swali hilo wakati Mwalimu wa Kabati anapita dirishani. Akasimama, akaingiza kichwa ndani.

"Inatufundisha kwamba kitabu kimeisha," akasema. "Na ni msiba." Akaenda zake.

Alituambia pia kwamba kitabu si dozi ya malaria, hulazimiki kukimaliza. Soma kurasa kumi. Kisipokushika kirudishe, wala usijieleze. Aliyasema hayo kwa upole sana. Lakini ole wako urudishe kitabu alichokipenda yeye. Alikinyakua, akakikumbatia kifuani, na kwa siku mbili hakuitikia shikamoo yako.

Yule mtu hakuwa na msimamo hata kidogo, bora niseme. Alituonya tusile karibu na vitabu, na mimi nimekuta kwenye kitabu cha mabaharia, ukurasa wa arobaini, punje nzima ya harage imebanwa mpaka ikawa bapa. Nilipomwonyesha, aliitazama kwa muda, akasema ni mchoro. Kwenye drafti aliiba kete ukigeuza shingo, kisha akakuhubiria uaminifu. Alijitapa kwamba hamwogopi Mwalimu Mkuu, na siku Mwalimu Mkuu alipokuja na hasira juu ya kipindi cha Hisabati kilichosahaulika, sisi nzige watatu tulisimama mbele ya kabati na kuapa hatujamwona, huku kamba ya kiatu inaonekana kwenye ufa wa ule mlango uliogoma. Kumbe ulikuwa unafunguka kwa ndani.

Na katika Hisabati yenyewe hakuwa na mzaha. Jedwali la saba tulilikariri mpaka likatutokea ndotoni. Vichekesho vyote alivimalizia kabatini.

Kuna mara moja alikosea, na kosa lile ndilo lililofanya nimpende.

Nilikuwa darasa la tatu. Alinikabidhi kitabu chembamba chenye sufuria tatu ndani ya jalada, wino bado unang'aa. Nilikimbia nacho nyumbani. Kilikuwa kitabu cha kanuni za kuendesha vikao vya chama cha ushirika. Nikaanza. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ajenda ya pili, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Nilijua patatokea kitu, maana sufuria tatu hazidanganyi. Mpaka ukurasa wa sitini nilikuwa bado nasubiri mtu afe, angalau Katibu. Hakufa mtu. Wakafunga kikao, wakapanga kingine.

Nilirudia toka mwanzo. Nikarudia tena. Kama kitabu hiki kilimchukua Mwalimu mzima mzima na mimi hakinishiki, basi kilichoharibika ni mimi. Niliamua kwamba akili yangu imekwisha, kama walivyokuwa wakitabiri watu waliosema mtoto akisoma sana kichwa huchemka. Kwa wiki tatu sikugusa maandishi ya aina yoyote, hata karatasi za kufungia karanga. Sijawahi kuwa na huzuni ya namna ile, na nimeshazika ndugu.

Mwishowe nilikirudisha. Nilisimama mbele ya kabati nikilia.

"Mwalimu, nimekuwa mjinga."

Alichukua kitabu, akafungua jalada, akaangalia zile sufuria. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima na tai yake, mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Siku ile nililala," akasema.

Sikuelewa.

"Maharage yaliungua, ni kweli. Sufuria ilitupwa, ni kweli. Lakini niliyaunguza kwa usingizi. Niliona aibu, nikachora hivyo hivyo." Akatoa kalamu akazikata sufuria zote tatu, moja moja, mbele yangu. "Mtoto akichoka na kitabu, wa kwanza kukaguliwa ni kitabu. Wewe hujawa mjinga. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kusikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha. Nilishtuka hata nikasahau kulia. Tangu siku hiyo kipimo kikawekewa shahidi: Dada alitakiwa kusimama mlangoni, bila mwiko, na kuthibitisha kwa maandishi kwamba baba yake hakulala. Aliandika kwa chuki, kwa herufi kubwa, chini ya sufuria: HAKULALA. Vitabu vya kabati lile mpaka leo vina ushahidi huo.

Nilimaliza shule, nikasoma, nikapata kazi. Mwalimu alistaafu, mke wake akafariki, nikasikia amehama mjini, nami nikawa mtu mzima mwenye haraka kama watu wazima wengine. Nisingemhitaji tena kama si Kabula.

Kabula ni binti yangu, ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na Mungu amenilipa kwa zile kamba za viatu. Vitabu vya shule alivimaliza. Nikamnunulia vya watoto. Akavisoma kati ya jikoni na chooni, akavirudisha mezani na kusema vinamwonea huruma. Nikampa vya wakubwa. Akasoma kimoja chenye mauaji, tukalala kitanda kimoja wiki nzima. Mwalimu wake, mtu mwema, alimwambia akimaliza akae akunje mikono asubiri wenzake. Akawa anakunja mikono. Halafu siku moja akaacha kusoma kabisa.

"Mama, vitabu vimeisha," aliniambia. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetangaza kwamba mkaa umeisha.

Miezi miwili ikapita. Nilimwona anakuwa mtoto mtulivu, majirani wakamsifu, na mimi nikaogopa. Najua utulivu ule. Nilikaa nao wiki tatu.

Basi ilikuwa kazini, Misungwi, nimeenda kumtibu ndama mwenye homa. Mwenye ndama alikuwa mama mnene, mkali, aliyesimama nyuma yangu akinielekeza kazi yangu. Nilipoomba maji ya kunawa nikaingia uani, na ukutani nikaona sufuria kumi na mbili zimetundikwa, zimesuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Nikamgeukia.

"Dada?"

Akanikazia macho. "Wewe si yule mtoto wa shangazi mgonjwa?"

Baba yake alikuwa ndani. Anaishi kwake tangu alipofiwa, kwa sharti moja: haruhusiwi kushika kiberiti. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, tai shingoni, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anasubiri zamu yake ya kupasuliwa. Kando yake palikuwa na boksi la vitabu asivyoweza kuvisoma. Nikamwamkia.

"Marahaba. Sauti naijua. Bado unawaogopa?"

"Hapana, Mwalimu. Ndio wananilisha."

Nikamweleza habari za Kabula. Alisikiliza mpaka mwisho, akagonga boksi kwa kidole. "Mlete Jumamosi," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kwa sababu Dada alikuwa karibu: "Na maharage."

Jumamosi nikampeleka. Kabula alikuwa amekumbatia daftari lake la sayansi, ambalo siku hizo hakuliachia hata kuoga, na nilidhani anakusudia kumwonyesha mtu kwamba ana kazi nyingi. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Chakula gani hukipendi?"

"Nyanya chungu."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Muongo. Asante. Nani amekuudhi wiki hii?"

Kabula akafikiri. "Vitabu."

"Vimekufanya nini?"

"Najua vitakavyoisha. Halafu vinaisha hivyo hivyo."

Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Kisha akaomba jiko. Dada akasema labda wamzike kwanza. Yakafuata majadiliano ambayo sitayaandika. Mwishowe Dada alikubali, kwa masharti: atawasha yeye, atabandika yeye, atakaa yeye kwenye jiko mwiko mkononi, na baba yake atakaa mbali. Akachagua sufuria nzuri kuliko zote, ile ambayo mama yake alimwachia, kuonyesha kwamba hana wasiwasi.

"Nina umri wa miaka arobaini na kitu," alitutangazia. "Sijawahi kuunguza hata chai."

Kwa kuwa Mwalimu haoni, Kabula ndiye angesoma kwa sauti. Akachukua kitabu cha juu kwenye boksi. Alisoma kurasa mbili, akakifunga. "Yule mjomba ndiye mwizi," akasema. Mwalimu akakiri kwamba ndiye. Dada akaongeza maji. Cha pili kikafika ukurasa wa tano. "Mbwa atarudi," akasema Kabula. Kweli mbwa hurudi. Dada akaongeza maji, anaimba kwaya polepole. Cha tatu, cha nne. Nilimwona mzee akinywea kwenye kiti kila kitabu kilipofungwa. Boksi likaisha. Nilitazama mikono ya mwanangu, ilikuwa imeanza kujikunja. Kama na yeye hana kitabu cha kumshika, nani atakuwa nacho?

"Na hicho ulichokumbatia?" akauliza Mwalimu. Sijui alijuaje. Labda alisikia karatasi.

"Daftari la sayansi," nikajibu mimi.

"Si la sayansi," akasema Kabula.

Akalifungua, akajikohoza, akasoma.

Ilikuwa habari ya ng'ombe aliyemeza simu ya Mwenyekiti wa kijiji. Simu haikufa. Ikawa inalia tumboni, na ng'ombe akigeuza shingo vizuri inapokea yenyewe. Watu wakaanza kupiga na kueleza shida zao, migogoro ya mipaka, mbuzi walioingia shambani, na ng'ombe akisikiliza anajibu kwa sauti yake moja ile ile, nao wakaondoka wameridhika, maana Mwenyekiti mwenyewe hakuwahi kuwasikiliza hadi mwisho. Mwenyekiti akapata wivu. Akawa analala zizini, sikio kwenye ubavu, akijaribu kuwahi simu zake. Halafu akapiga simu baba wa mchumba wa kijana wa Mwenyekiti, kuuliza ng'ombe wa mahari wataletwa lini. Na ng'ombe huyu ndiye aliyekuwa ameahidiwa. Akienda, simu inaenda. Asipoenda, harusi inakufa. Wanakijiji wakagawanyika, nusu wakamtaka Mwenyekiti, nusu wakamtaka ng'ombe agombee. Mwenyekiti akaona hakuna njia ila kuitoa simu. Akatuma watu wamlete daktari wa mifugo. Daktari akafika kwa haraka, mwanamke mwenye buti kubwa asiyewasikiliza watu mpaka wamalize. Akafungua begi. Akatoa kisu. Ng'ombe akamtazama, na tumboni simu ikaanza kulia.

Kabula akafunga daftari.

"Halafu?" nikauliza. Buti zilikuwa zimenibana.

"Halafu?" akasema Dada.

"Bado sijaandika."

"Hujaandika!" Dada alisimama, mwiko juu. "Utaachaje mtu hapo? Amemchinja au hajamchinja? Nani alikuwa anapiga? We mtoto una roho gani?"

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Nadhani ilikuwepo muda mrefu. Moshi wa kijivu ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye sufuria ya marehemu mama, na Dada, aliyekuwa amekaa hatua moja kutoka hapo, na mwiko mkononi, alikuwa ameupa mgongo.

Alipogeuka hakupiga kelele. Alishusha sufuria, akatazama ndani, akakwangua kidogo kwa mwiko. Kitako kilikuwa kimepinda.

Mwalimu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, amefumba macho. Dada akamsogelea.

"Baba. Umelala?"

"Sijalala. Naisikia hiyo harufu tangu Mwenyekiti alipohamia zizini."

"Na hukusema!"

"Ningekuambia uinuke," akasema, "mtoto angeacha kusoma." Kisha akanyoosha mkono hewani. "Kalamu."

Kabula akampa daftari na kalamu. Alipapasa jalada mpaka akapata upande wa ndani, akachora vitu vitatu ambavyo kama hujaambiwa ungedhani ni viazi. Akamkabidhi binti yake. Dada aliweka mwiko chini, akashika kalamu. Halafu akaandika chini yake, kwa herufi kubwa zile zile ninazozijua, HAKULALA. Akafikiri, akaongeza: NA MIMI SIKULALA.

Kabula aliyaangalia yale maandishi, akatuangalia sote. "Sasa tunakula nini?" akauliza.

Tulikula mkate. Tukiwa njiani kurudi Mwanza nilikuwa naendesha nikitafakari nitampatia wapi Dada sufuria nyingine, na kama kuna sufuria inayoweza kuchukua nafasi ya ile. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, vyote pamoja. Hatujamaliza hata nusu ya njia, simu ikaita. Nikaona jina lake, nikajua nimekwisha, amesugua sufuria mpaka hasira imempanda.

"Dada, nisamehe, hiyo sufuria nitai..."

"Achana na sufuria. Mpe mtoto simu."

Nikampa. Kabula akasikiliza, sauti ya Dada ikisikika mpaka kwangu, ikiuliza habari za kisu. Alipomaliza kusikiliza akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi miwili.

"Bado, mama mkubwa," akasema. "Subiri kidogo."

Akakata simu, akafungua daftari magotini, akaniomba kalamu.